Dawa Iliyokataa Kushikana

"Alhamisi, wiki mbili kutoka leo," alisema Mutembei, tabibu wa hospitali, huku akiitupa bandeji kuukuu kwenye ndoo. "Daktari Kaburu anakuja kutoka Meru. Akikikuta kidonda kiko hivi, mguu utakatwa hapa." Akaweka ubavu wa kiganja chake chini kidogo ya goti la Halake, taratibu, kama fundi anayepima kitambaa.

Halake aliutazama ule mkono. Aliyesema ni mama yake. Gumato alikuwa amesimama mlangoni kwa sababu benchi lilikuwa la wagonjwa, na tangu asubuhi alikuwa ameambiwa mara tatu asogee asizibe njia.

"Mwambie," alimwambia Kagendo, mke wa Halake, kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa foleni, "mtu hatangulizi mguu yake kaburini."

"Amesikia, mama," Kagendo alijibu kwa aibu.

"Amesikia lakini hajaelewa."

Mutembei alikuwa Mmeru kama Kagendo, na hiyo peke yake ilikuwa taabu. Gumato, Mborana wa nyika kavu, aliamini kwamba waganga wa milimani hukata haraka kwa sababu wanachokikata si chao. Lakini Mutembei hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka tu. Mwaka ule wa 1984 mvua ilikuwa imekataa, watu walikuwa wanaingia mjini Isiolo kutoka Gotu na Merti na kote kulikokauka, wakiwa na vidonda, kuhara na watoto wasio na nguvu ya kulia. Halake alikuwa mmoja tu katika foleni ile. Wiki sita nyuma alikuwa anapakia mafahali, mlango wa nyuma wa lori ukamwangukia kwenye muundi. Sindano za penisilini alikuwa amezimaliza zote, na kidonda kilikuwa kimezishinda.

"Nyumbani mnampaka nini?" Mutembei alimuuliza Kagendo kwa Kimeru, kisha akayaona macho ya mama mkwe na kurudia kwa Kiswahili.

"Hagarsu," Gumato alijibu kabla ya mkwe wake kufungua mdomo. "Na samli, na hargeisa. Dawa ya kwetu."

"Tatizo ni mafuta, mama. Yanakaa juu tu. Kidonda kinazibwa, huko chini kinaoza. Mkitaka kupaka, pakeni, sitawazuia, maana mimi mwenyewe sina cha kuwapa. Lakini kila kitu kinachogusa hiki kidonda kioshwe kwa maji moto na sabuni. Kitambaa, kijiko, chombo. Umesikia, dada? Kila kitu."

Kagendo aliitikia kwa kichwa. Aliyachukua yale maneno kama yalivyo, hakuacha hata moja, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, au kutengenezeka, inategemea unamuuliza nani.

Waliishi Bulla Pesa, katika chumba kimoja cha ploti kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa dirisha alilala Halake na mkewe. Upande wa mlango alilala Gumato na mali yake yote, nayo ilikuwa sanduku la bati, mkeka wa kuswalia na chicho.

Chicho ni chombo cha maziwa. Hiki chake kilisukwa na mama yake kule Biliqo kwa nyuzi za mizizi, kikasukwa kwa kubana hata tone halipiti. Ng'ombe wa mwisho wa Gumato alikuwa amekufa, lakini kila jioni bado alikigeuza chicho mdomo juu, kana kwamba kesho kungekuwa na kukamua. Siku hizi alikitumia kutengenezea dawa, naye aliona aibu kidogo juu ya hilo. Hata hivyo sheria ya chombo haikubadilika. Chombo cha maziwa husafishwa kwa moshi wa makaa ya mzeituni wa porini. Hakiguswi na sabuni. Sabuni huua maziwa, na mwanamke aliyetia sabuni kwenye chombo cha maziwa amekausha matiti ya ng'ombe wa ukoo mzima, waliopo na watakaozaliwa. Gumato hakuwa na hata mbuzi, lakini usingethubutu kumwambia hivyo.

Dawa yenyewe ilikuwa na kazi. Hagarsu ni utomvu wa mti, mchungu, wa harufu kali. Aliutwanga juu ya jiwe, akauchemsha polepole ndani ya samli mpaka ukayeyuka, akauchuja kwa kitambaa. Kisha akaumimina ndani ya chicho pamoja na ute wa mshubiri, ule ambao kwao unaitwa hargeisa, akaziba, akakipakata chombo na kukitikisa kama mtu anayesukasuka maziwa. Zamani, samli ikiwa bado mbichi na ina maziwa ndani yake, dawa ilishikana na kuwa nyeupe. Tangu ahamie mjini haikushikana tena vizuri. Samli ilimfikia imechemshwa mara mbili ili isiharibike njiani, na kila alipotikisa, mafuta yalipanda juu, ute ukabaki chini. Alipaka haraka kabla havijaachana, na lawama akautupia mji.

Ijumaa asubuhi Gumato alitoka kwenda kuulizia samli kwenye lori la Merti. Kagendo akachemsha maji. Akaosha vitambaa, akaosha kijiko, kisha akasimama akikitazama chicho. Ndani kulikuwa na ukoko wa mafuta ya zamani, na harufu yake ilikuwa ileile ya kidonda.

Alijua sheria. Miaka mitatu ndani ya nyumba ile haiwezi kukupita bila kujua. Lakini nyuma ya pazia Halake alikuwa anagumia usingizini, na mkono wa Mutembei chini ya lile goti ulikuwa haujamtoka Kagendo machoni. Alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakisugua chombo ndani kwa kitambaa, kwa nguvu, mpaka povu likawa la kijivu. Alipotaka kusuuza akakumbuka kwamba mfereji ulikuwa mkavu kwa siku tatu na debe lilikuwa nusu. Akasuuza kwa kikombe kimoja tu. Alinusa. Kilinuka sabuni. Hofu ikamshika, akatia kaa la mzeituni ndani, akafunika, akangoja moshi umfichie.

Gumato alirudi akiwa na samli ya vikombe vitatu kwenye chupa, aliyopewa na mtoto wa dada yake kwa masimango. Chicho kilikuwa mahali pake, mdomo juu.

Saa sita alianza kutikisa. Hakuwa ametikisa mara thelathini, sauti ya ndani ikabadilika. Haikuwa tena maji yanayopiga ukuta, ilikuwa kitu kizito kinachojigeuza. Alizibua, akamimina kidogo kwenye bakuli. Ilitoka nyeupe, laini, nzito, na haikuachana. Gumato alikaa akiitazama mpaka machozi yakamtoka.

"Bismillahi," alisema. "Imerudi."

"Nini, mama?" aliuliza Kagendo kutoka jikoni.

"Baraka. Tangu niache Biliqo sijaiona hii. Njoo uone, njoo!"

Halake alipopakwa aliuma shuka, akamwita mama yake kwa lugha ya kwao. "Ayo, inauma! Ya zamani haikuuma hivi!"

"Ya zamani haikuponya hivi," alisema mama yake, ingawa wakati huo haikuwa imeponya chochote.

Lakini iliponya. Jumatatu kingo nyeusi zilianza kulegea. Jumanne Kagendo alipofungua bandeji aliona nyama nyekundu, ukubwa wa kucha, halafu nyingine. Harufu ilipungua hata watu wakaweza kula ndani ya chumba. Gumato alimwita Abiba, jirani wa mlango wa pili, mwanamke aliyejua habari za ploti nzima kabla ya wenyewe kuzijua, akamwinamisha juu ya mguu.

"Tazama. Na yule daktari ya milimani anataka msumeno."

"Wallahi, mama Halake, una mkono," alisema Abiba.

"Si mimi. Ni baraka ya chicho ya mama yangu. Aliyenipa amekumbuka."

Kagendo alikuwa anakamua vitambaa kwenye karai. Alifurahi, lakini uso aliuinamisha.

Dawa ile ilikwisha Jumatano. Alhamisi Gumato akatengeneza nyingine kwa vilevile: kikombe kimoja cha samli, hagarsu ileile, hargeisa ileile. Akatikisa. Akatikisa mpaka jasho likamtiririka. Alipozibua, mafuta yalikuwa juu na ute chini.

"Haijapata joto," alisema. Akakipasha chombo moto jikoni, akatikisa tena. Ikaachana tena. Akasoma dua, akatemea mate ya baraka mdomoni mwa chombo, akatikisa kwa mkono wa kulia peke yake. Ikaachana. Kufikia alasiri mikono yake ilikuwa haiinuki na Abiba alikuwa amekuja na kibao chake cha kukalia, maana habari mbaya nayo ni habari.

Gumato akamgeukia mkwe wake.

"Kagendo. Wewe uko katika siku zako?"

Kagendo alihisi uso ukimwaka. Kando ya Abiba alikuwepo mpangaji mwingine, mwanamume, akinyoosha baiskeli yake.

"Hapana, mama."

"Usidanganye mbele ya dawa."

"Hapana, mama. Naapa."

"Basi kuna mkono mchafu hapa. Dawa haikatai bure." Akakivuta chicho kwake. "Kuanzia leo usiguse. Usifungue bandeji, usipite hapa. Nitampa chakula mimi."

Abiba alijitia kutazama kwingine. Yule wa baiskeli aliacha kunyoosha. Kagendo aliingia ndani, akakaa upande wake wa pazia, akalia bila sauti kama wanavyolia watu wa vyumba vya kupanga.

Gumato akampaka mwanawe ile dawa iliyoachana. Hakuwa na nyingine. Mafuta yalitanda juu ya kidonda yakang'aa, na chini yake nyama nyekundu ikaanza kufifia. Ijumaa usaha ukarudi. Jumamosi harufu ikarudi, na Halake akarudisha sahani ya ugali wa mahindi ya manjano kama ilivyokwenda. Samli iliyobaki kwenye chupa ilikuwa kikombe kimoja. Lori la Merti halikuwa na safari mpaka wiki nyingine, na mazishi ya mguu yalikuwa Alhamisi.

Jumapili asubuhi Gumato alikwenda kwa sheikh kuomba dua, na chicho akaenda nacho chini ya shela. Kagendo akainua pazia.

"Halake. Ile dawa ya kwanza. Unajua kwa nini ilishikana?"

"Ayo anasema ni baraka."

"Si baraka. Ni sabuni."

Akamweleza yote, kuanzia neno la Mutembei hadi kaa la mzeituni. Halake alisikiliza macho yakiwa kwenye mabati.

"Chicho ya nyanya yangu," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na sabuni ya kufua nguo."

"Ile ya kipande. Nilisuuza na kikombe moja tu, mfereji ilikuwa imekauka. Nimefikiria siku tatu. Kitu gani ingine ilikuwa tofauti? Hakuna. Sabuni inafanya mafuta na maji vishikane. Ukiosha sufuria ya mafuta si unaona? Maji inakuwa nyeupe."

Halake alicheka, kicheko kifupi kisicho na raha. Kisha akafumba macho. Alimjua mama yake. Mwanamke aliyeua maziwa hakemewi, hurudishwa kwao, na hakuna mzee wa Kiborana kule Waso ambaye angemtetea. Wangesema mliambiwa msioe milimani.

"Usimwambie," alisema.

"Na mguu?"

"Mguu ni yangu."

"Na mwenye mguu ni wangu," alisema Kagendo, akashangaa mwenyewe kwa ukali wa sauti yake.

"Tia sabuni kwa siri, basi. Akiswali."

"Nitatia aje? Analala nayo kichwani. Anatembea nayo. Na akinishika naweka kitu kwa dawa, si atasema nataka kukuua? Samli imebaki ya mara moja, Halake. Mara moja tu. Akiitengeneza vile anajua, imekwisha, na Alhamisi wanakukata."

Halake aliushika mguu wake. Alikuwa anafikiria uwanja wa mifugo, mwanamume wa mguu mmoja katikati ya mafahali, na hofu ikamjaa kifuani hata akashindwa kuificha. Kagendo aliiona. Akashusha pazia, akatoka nje kumngoja mama mkwe.

Gumato alirudi, akakaa kizingitini, akaanza kuchambua mahindi. Kagendo alikaa chini mbele yake, akazikunja nguo zake magotini.

"Mama, nina neno."

"Sema."

"Chicho niliiosha."

"Kuosha na nini?"

"Na sabuni."

Mkono wa Gumato ulisimama ndani ya ungo. Nje ya mlango wa pili Abiba alikuwa anasuka nywele za binti yake, na kichwa kilikuwa kimeinamia huku.

"Abiba!" Gumato aliita.

Kagendo alifumba macho. Alijua kinachofuata. Ploti nzima ingeitwa ishuhudie, kisha sanduku lake lingetolewa nje.

"Abiba, wanasema mfereji ya huko juu inatoa maji. Kimbia na madebe yako kabla haijakauka."

Abiba alisita, habari ikamvuta huku na maji yakamvuta kule, lakini mwaka ule maji yalishinda kila kitu. Alipopotea na binti yake, Gumato aliinuka, akamvuta Kagendo ndani na kufunga mlango, ingawa jua lilikuwa kali na bati lilikuwa linalia.

"Lini?"

"Ile Ijumaa ulienda kwa lori."

"Kabla ya ile nyeupe?"

"Kabla."

Gumato alikitoa chicho chini ya shela, akatia uso wake ndani, akavuta pumzi.

"Nilinusa," alisema bila kuinua uso. "Ile siku nilinusa. Nikasema ni pua yangu imezeeka. Hii ilisukwa na mama yangu akiwa na mimba yangu." Akakishusha mapajani. "Mimi nilidhani Mungu amenirudishia kitu. Nimeambia watu. Nimemwambia sheikh. Kumbe sabuni."

Hapo ndipo Kagendo alipoelewa alichomvunjia. Ng'ombe walikufa, boma likaachwa, na mwanamke huyu alikuwa ameishi siku zile zote akiamini kwamba si vyote vilivyopotea. Kagendo alikuwa amejiandaa kwa matusi, hakuwa amejiandaa kwa hili, akaanza kulia.

"Nisamehe, mama. Daktari alisema kila kitu, na mimi niliogopa..."

"Nyamaza."

"Ayo," Halake aliita kutoka nyuma ya pazia, "kosa ni..."

"Na wewe nyamaza. Mguu yako inaongea ya kutosha."

Harufu ya kidonda ilikuwa imejaa chumbani, na mlango ukiwa umefungwa hapakuwa na mtu wa kujifanya haisikii. Gumato alijifuta uso kwa ncha ya shela. Akalitazama pazia. Akaitazama chupa ya samli.

"Sabuni kiasi gani?" aliuliza.

"Sijui, mama. Ile ilibaki baada ya kusuuza."

"Hujui! Dawa ya mtu inatengenezwa na 'sijui'?" Akavuta jiwe la kutwangia kwa hasira. "Washa jiko."

Gumato alitwanga hagarsu yote iliyobaki, akaichemsha ndani ya kile kikombe cha mwisho, akachuja, akamimina. Akatia ute wa mshubiri. Kisha akakisukuma chicho kwa Kagendo na kugeuza uso ukutani.

"Mkono yangu haiwezi. Tia wewe."

"Ndani ya chicho, mama? Tunaweza kutumia sufuria..."

"Tia. Imekufa mara moja, haifi mara mbili."

Kagendo alikwangua sabuni kwa ukucha, unga kidogo tu, akaukoroga kwenye kijiko cha maji ya moto na kuumimina. Gumato akaziba na kuanza kutikisa. Kumi. Ishirini. Thelathini. Mle ndani palisikika maji tu, chwa, chwa, chwa. Arobaini. Mikono ya Gumato ilianza kuchoka. Kagendo akanyoosha yake, na Gumato akakisalimisha chombo bila kumtazama. Hamsini. Sitini. Chwa, chwa.

"Ongeza," alisema Gumato.

"Nikizidisha itamchoma. Na samli hakuna ingine."

"Nimesema ongeza."

Kagendo akakwangua tena. Aliharakisha hata nusu ya unga ukaanguka sakafuni. Akamimina, akaziba, akatikisa. Nyuma ya pazia Halake alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini pamoja naye, kwa Kiborana. Alipofika ishirini na saba akanyamaza, kwa sababu wote watatu walisikia. Maji hayakupiga ukuta tena.

Gumato alizibua, akainamisha chombo juu ya bakuli. Ilitoka nyeupe. Alingoja. Alikaa nayo mapajani mpaka adhana ya adhuhuri ikapita, akiikagua kama mtu anayemchunga mwizi, na haikuachana.

Safari hii hakusema bismillahi kwa sauti. Aliisema moyoni, akalifungua pazia, na akampa Kagendo bakuli. "Paka wewe. Mimi nitamshika."

Alimshika mabega mwanawe, naye Halake alilia kama hajawahi kulia mbele yao. Walimpaka Jumapili, na Jumatatu mara mbili, na kila siku hivyo hivyo. Gumato hakumkataza tena mkwe wake kitu, lakini hakumsemesha pia. Maji ya kunywa alijitekea mwenyewe, na Kagendo alipompa chai aliiacha ikapoa. Jumatano jioni Kagendo alikunja nguo zake mbili na kuziweka juu ya sanduku, mahali ambapo zingekuwa rahisi kuchukuliwa.

Alhamisi walimpeleka Halake hospitalini kwa mkokoteni. Daktari Kaburu alikuwa mtu mfupi, wa haraka, aliyekwisha kukata mguu mmoja asubuhi ile, na kila mtu kwenye foleni alikuwa amelisikia lile kelele. Mutembei alifungua bandeji. Kaburu akainama. Akachukua koleo ndogo, akabinya ukingo wa kidonda.

Halake alipiga ukelele.

"Vizuri," alisema Kaburu. "Na hapa?"

Akapiga mwingine.

"Vizuri sana. Nyama iliyokufa hailii." Akabinya kila upande, akanusa, akaugeuza mguu kwenye mwanga wa dirisha. Gumato midomo yake ilikuwa inakwenda kwa dua. "Huu siukati. Utachechemea, na ng'ombe usipakie mwaka mzima, lakini siukati. Ondoeni hivyo vyombo."

Halake alijifunika uso kwa mikono miwili na mabega yakaanza kumtikisika. Kaburu alimpa muda, kisha akamgeukia Mutembei.

"Wamepaka nini?"

"Hagarsu na samli. Na mshubiri."

"Hapana. Hagarsu na samli nimeiona kwa vidonda vingi hapa, inaelea juu kama mafuta ya taa kwa maji. Hii imeingia mpaka ndani." Akawatazama wale wanawake wawili, na macho yake yakatua kwa Kagendo, aliyekuwa kijana na aliyeonekana kuwa na jibu. "Mliichanganya na nini?"

Kagendo alifungua mdomo. Kiwiko cha Gumato kikamwingia ubavuni.

"Na mikono," alisema Gumato. "Mikono yetu wawili. Tulitikisa sana."

Kaburu akacheka, akaandika kitu kwenye karatasi, akaita mgonjwa mwingine.

Walitoka hadi ukumbini kumngoja Halake afungwe bandeji. Gumato alikwenda moja kwa moja kwenye benchi la wagonjwa, akakaa, na hakuna aliyemwambia asogee.

"Mama," Kagendo alinong'ona, "angejua, si angesaidia watu wengine?"

"Aoshe vyombo vya mama yake kwa sabuni, asaidie." Gumato alitengeneza shela yake. "Unataka Isiolo yote ijue chicho yetu ilitiwa sabuni? Ya nyumbani ni ya nyumbani. Huambii daktari, huambii Abiba. Hata mama yako huko milimani usimwambie."

Kagendo alibaki amesimama. Miaka mitatu ndani ya nyumba ile alikuwa mtu wa kufichwa mambo. Mazungumzo yalikatwa akiingia, lugha ikabadilishwa akikaa. Leo alikuwa anaambiwa afiche pamoja nao. Furaha ilimpanda ghafla, akageuka upande kuificha, na Gumato akajifanya hajaona.

"Ile sabuni imebaki?" aliuliza mama mkwe baada ya kitambo.

"Kidogo, mama. Kama kidole."

"Haitoshi. Pita dukani ununue ingine kabla hatujafika nyumbani." Akaangalia huku na huku ukumbini, akapunguza sauti. "Na nyumbani hizo nguo uliweka juu ya sanduku, zirudishe ndani. Zinashika vumbi."